Laptopu ndogo mpya au ya ofisini iliyotumika: ipi ikufae?

Ukiishika laptopu ndogo ya inchi 11 au 12, cha kwanza kukugusa ni wepesi wake: kilo moja na ushei. Cha pili ni ukimya. Nyingi hazina feni, kwa hiyo hazivumi hata ukiweka video. Cha tatu huja ukianza kuifanyia kazi, na hapo ndipo maneno ya watu yanapotofautiana. Mmoja atakuambia ni mashine safi kabisa kwa bei yake, mwingine atakuambia ni hasara tupu. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, maana hawazungumzii mashine moja.

Chini ya jina "laptopu ndogo" kuna mashine za aina mbili zinazofanana sura lakini haziko daraja moja. Ya kwanza ina prosesa ya Celeron N4020 au N4500, RAM (kumbukumbu ya kazi zilizo wazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, ya polepole, ya GB 64. Ya pili ina Intel N100, RAM ya GB 8 na SSD, hifadhi ya kasi zaidi, ya GB 256. Zikipangwa rafuni zote ni nyembamba, zote zina kibandiko cha Intel, na mnunuzi asiyesoma maandishi madogo hawezi kuzitofautisha. Pembeni yao kuna mshindani wao halisi: laptopu ya inchi 14 iliyotumika ofisini miaka kadhaa, yenye Core i5 ya kizazi cha 8. Hizo tatu ndizo ninazozilinganisha hapa, na nasema mapema kwamba kati ya hizo mbili ndogo, moja siwezi kumshauri mtu ainunue kwa ajili ya Windows.

Prosesa: soma jina, usisome GHz

N4020 ina viini viwili, yaani sehemu mbili tu za kufanya kazi kwa wakati mmoja. Ilitoka mwishoni mwa 2019. Kasi yake ya msingi ni GHz 1.1 na huruka hadi 2.8 inapohitajika. N4500 ya 2021 nayo ni ya viini viwili. Ina nafuu kidogo, ila usitarajie makubwa. N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023, ni habari nyingine: viini vinne, kasi inayofika GHz 3.4, na viini vyenyewe ni vya muundo mpya zaidi. (Intel waliacha majina ya Celeron na Pentium kwenye laptopu kuanzia 2023, ndiyo maana N100 inatembea bila jina la ukoo na watu wengi hawajui waiweke wapi.)

Kwa upande wa ile ya ofisini, chukua mfano wa i5-8250U ya 2017. Ina viini vinne vinavyoendesha nyuzi nane za kazi (kila kiini kinashika kazi mbili), na kasi yake ya juu ni GHz 3.4. Kwa kazi fupi fupi, kama kufungua programu, kupekua kurasa au kuhesabu jedwali la kawaida, N100 na i5 hiyo zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Kazi ikiwa ndefu na nzito, i5 inatangulia, kwa sababu imepangiwa wati 15 dhidi ya wati 6 za mwenzake, na ina feni ya kutoa joto. N4020 iko nyuma sana ya zote mbili, kwa kazi fupi na kwa ndefu.

Kinachowapotosha wengi ni ile GHz iliyoandikwa kwenye tangazo. Mtu anaona 2.8 hapa na 3.4 pale, anadhani pengo ni dogo. Namba hiyo inahesabu mapigo ya saa ya prosesa kwa sekunde. Haisemi kila pigo limefanya kazi kiasi gani, wala ni viini vingapi vinavyopiga. Tena kasi ya juu si ya kudumu. Mashine isiyo na feni hutoa joto kupitia bamba la chuma na mfuniko wa chini. Bamba likishapata moto, prosesa inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue.

Dakika za kwanza haziaminiki

Dukani, mashine haina kitu. Hakuna programu zako, hakuna picha, hakuna kivinjari chenye vichupo ishirini. Bamba bado la baridi, prosesa inakimbia kwa kasi yake ya juu. Unafungua menyu, inafunguka. Unafungua ukurasa mmoja, unakuja. Hata ile ya N4020 itakupendeza.

Ukifika nyumbani na kuiunganisha na intaneti, mambo yanageuka. Windows inaanza kupakua masasisho, kizuia virusi kinapekua kila faili, duka la programu nalo linasasisha yaliyomo, vyote kwa mpigo. Viini viwili vinajaa asilimia mia na kielekezi kinaanza kuruka ruka. Huo nao si uso wake wa kweli. Iache kwenye chaja usiku mzima imalize, iwashe upya, ndipo uanze kuipima. Mashine ya viini vinne yenye SSD hupita kipindi hiki haraka zaidi, ila nayo huhangaika.

RAM na hifadhi, ambako mambo huharibika

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo watu wanapolaumu kisicho na kosa. Prosesa dhaifu ni kitu unachoweza kukizoea: ukurasa unachelewa nusu sekunde, faili inachelewa sekunde mbili, maisha yanaendelea. RAM ikijaa hakuna kuzoea.

Tazama hesabu ya GB 4. Windows 11 yenyewe, pamoja na kizuia virusi na vitu vinavyojiwasha vyenyewe, inachukua zaidi ya nusu kabla hujafungua chochote. Sehemu ya michoro haina kumbukumbu yake. Inakopa kwenye RAM hiyo hiyo. Kinachobaki ni GB moja na kidogo. Fungua kivinjari, weka barua pepe, ukurasa wa habari na hati ya mtandaoni, nafasi imekwisha. Kuanzia hapo mfumo unaanza kuhamisha vitu kutoka kwenye RAM kwenda kwenye hifadhi na kuvirudisha kila unapovitaka.

Na hifadhi yenyewe ni eMMC, aina ile ile iliyokuwa ikiwekwa kwenye simu na tableti. Kiwango chake cha 5.1 kina ukomo wa MB 400 kwa sekunde kwenye karatasi, dhidi ya takriban 550 kwa SSD ya SATA (muunganisho wa zamani) na takriban 3,500 kwa SSD ya NVMe (muunganisho mpya zaidi) ya kizazi cha PCIe 3.0. Namba hizo zinatisha, lakini zenyewe si tatizo kubwa; kufungua hati hakuhitaji MB 3,500. Tatizo ni kwamba eMMC haisomi na kuandika kwa wakati mmoja. Mfumo unapotaka kutoa kitu na kuingiza kingine, mmoja lazima asubiri, na foleni hiyo unaihisi kwenye vidole. Unabofya, kimya. Unabofya tena, kimya. Kisha madirisha mawili yanafunguka pamoja.

Wakati huo ukifungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kila sehemu ya mashine inavyotumika, utaona prosesa iko asilimia 30 au 40 na diski iko 100. Yaani prosesa iko tayari, inangoja hifadhi. Ndiyo maana mtu mwenye N100 na RAM ya GB 8 anasifu, na mwenye N4020 na RAM ya GB 4 analia, na kila mmoja anadhani sababu ni prosesa tu.

Nafasi nayo ina hesabu yake. GB 64 za mtengenezaji, zikihesabiwa kwa namna ya Windows, ni karibu 59, na mfumo wenyewe unakula 20 hadi 30. Sasisho kubwa likija linataka nafasi ya kupumulia, na usipokuwa nayo litakwama au litakudai ufute vitu. Microsoft wenyewe wametaja GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi kuwa kima cha chini kabisa cha Windows 11. Mashine hiyo imetengenezwa ikanyage mstari, basi. Kuwasha itawaka, kufanya kazi kwa raha ni suala jingine.

Kibaya zaidi, RAM na eMMC zimechomelewa kwenye ubao. Huwezi kuzitoa wala kuziongeza. Kwenye zile za N100, RAM nayo mara nyingi imechomelewa, lakini SSD huwa ni kipande cha M.2 unachoweza kukibadilisha, na GB 8 zinatosha kazi nyingi za kawaida. Kwenye za ofisini, mara nyingi unafungua skrubu chache na kuweka unachotaka. Mara nyingi, si zote: kwenye laptopu za ofisini za Lenovo, ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, T480s ina sehemu iliyochomelewa na nafasi moja tu, na X1 Carbon imechomelewa yote. Tofauti ya herufi moja kwenye jina inaweza kukugharimu, kwa hiyo tafuta maelezo ya modeli kamili.

Kwa ufupi wa macho:

| | N4020, GB 4, eMMC 64 | N100, GB 8, SSD 256 | i5 ya kizazi cha 8, iliyotumika |
|---|---|---|---|
| Viini na nyuzi | 2 na 2 | 4 na 4 | 4 na 8 |
| Wati za prosesa | 6 | 6 | 15 |
| Kuongeza RAM | hapana | mara chache | mara nyingi |
| Kubadilisha hifadhi | hapana | mara nyingi | ndiyo |
| Kufungua video ya AV1 (namna mpya ya kubana video) | prosesa inahangaika | saketi maalumu | prosesa inahangaika |
| Feni | hakuna | mara nyingi hakuna | ipo |
| Betri | mpya | mpya | imechakaa |

Video na mikutano

Kutazama video si kazi ngumu kwa mashine hizi kama wengi wanavyohofia, kwa sababu ndani ya prosesa kuna saketi maalumu ya kufungua video na viini vikuu vinabaki vimepumzika. Hata N4020 inacheza video ya 1080p iliyobanwa kwa mifumo ya H.264 au VP9 bila shida. Shida inakuja kwenye mfumo mpya wa AV1, unaozidi kutumiwa na tovuti kubwa za video. N100 ina saketi yake. N4020 haina, na i5 ya kizazi cha 8 pia haina. Hapa mashine ndogo ya wati 6 inaipiku i5, jambo ambalo wauzaji wa mitumba hawatakuambia. I5 ina nguvu za kutosha kuifungua kwa viini vyake, ila feni itavuma na betri itashuka.

Mkutano wa video ndio mtihani. Mashine inapokea sura za watu kadhaa, inarekodi yako, inaikandamiza na kuituma, na ukiwasha ile ya kufifisha mandhari ya nyuma inalazimika kukutenganisha na ukuta kwa kila picha. Kwa viini viwili, zima mandhari, funga vichupo vingine, na usijaribu kuonyesha skrini yako huku kamera ikiwa imewashwa. Kwa N100 mkutano wa kawaida unakwenda vizuri. Kwa i5 huna haja ya kuwaza.

Betri, skrini na vingine

Ahadi ya saa kumi za betri iliyoandikwa kwenye boksi isikupumbaze. Fanya hesabu mwenyewe. Betri hupimwa kwa wati-saa, na laptopu ndogo nzima, skrini ikiwemo, hutumia kama wati 6 hadi 8 kwa kazi nyepesi. Betri ya wati-saa 38 ukiigawa kwa 7 unapata saa tano na nusu. Mashine ikiwa na betri ndogo zaidi, prosesa ya kubana matumizi haitakuokoa.

Ya ofisini inatumia zaidi, na betri yake imeshafanya kazi miaka. Kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Utapata ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake leo. Ikiwa imebaki nusu, ingiza gharama ya betri mpya kwenye hesabu yako kabla hujasema umepata bei nzuri. Kwa anayetegemea umeme wa jua au betri ya gari, ndogo inashinda bila ubishi: chaja yake ni ya wati chache, ilhali za ofisini nyingi zinataka chaja ya wati 65. Angalia pia kama ndogo hiyo inachajiwa kwa USB-C au kwa pini yake ya duara. Pini ya duara ikipotea au ikikatika, kupata nyingine ya volti sahihi ni usumbufu.

Skrini: kwenye nyingi za bei ya chini ni 1366 kwa 768, tena ya TN, ambayo ukiinamisha kidogo rangi zinageuka. Kwa kuandika inatosha, kwa picha haifai. Kibodi ya inchi 11 inabana vidole vya mtu mzima. Kamera zote ni mbovu.

Windows, Linux na mtego wa kizazi cha 7

Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa orodha rasmi, inakubali prosesa za Core kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo. Matokeo yake ni ya kuchekesha: N4020 ya viini viwili imo kwenye orodha, na Core i7 ya kizazi cha 7 yenye nguvu mara kadhaa haimo. Mitumba mingi inayouzwa kwa bei ya kutupa ni ya kizazi cha 6 na cha 7, na sababu ndiyo hiyo. Namba ya kizazi inasomeka kwenye jina: i5-8250U ni ya 8, i5-7200U ni ya 7, i5-6300U ni ya 6.

Usipokuwa mfungwa wa Windows, mtego huo hauna meno. I5 ya kizazi cha 6 au cha 7 ikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, na RAM ya GB 8 ni mashine nzuri kwa miaka mingi ijayo. Hata N4020 inapata uhai: dawati jepesi kama Xfce au LXQt linaacha nafasi kubwa kwenye zile GB 4, na zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuikimbizia kwenye eMMC, inapunguza ile foleni niliyoieleza. Hapo ndipo ninaporegeza kidogo msimamo wangu juu ya mashine hiyo. Kwa Linux inafaa kuandikia, kusomea na kujifunzia lugha ya programu ya Python. Kwa Windows, la.

Na kama ile ndogo imekuja na Windows ya S mode, itakataa programu yoyote isiyotoka Microsoft Store. Kuitoa ni bure, ila ukishatoka huwezi kurudi.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi au mwandishi anayebeba mashine kutwa, anayeandika, anayesoma PDF na kuhudhuria mkutano mmoja mmoja, achukue ya N100 yenye GB 8 na SSD. Asishuke chini ya hapo. Akikuta N200 au N305 kwa tofauti ndogo, N200 haina faida ya kuhisiwa sana, lakini N305 ina viini vinane na inafaa kuongezewa pesa.

Anayefanya kazi mezani, anayefungua majedwali mazito, anayehariri picha, au anayejifunza programu kwa dhati, achukue ya ofisini na aiongeze RAM hadi 16. Android Studio (ya kutengenezea programu za simu) na emuleta yake, mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), na uhariri wa video si kazi za kuipelekea N100 ya GB 8. Itazifanya, lakini wewe utachoka kabla yake. Michezo mikubwa haiendi kwenye yoyote kati ya tatu.

Anayeishi ndani ya kivinjari tu, barua pepe na hati za mtandaoni, anaweza kuzikwepa zote tatu na kutazama Chromebook, laptopu ya mfumo wa ChromeOS wa Google, ambayo kwa GB 4 hupumua vizuri kuliko Windows.

Kabla ya kulipa

Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, uende kwenye ukurasa wa utendaji. Hapo jina halisi la prosesa, RAM na ukubwa wa diski vinasomeka, na huwa havikubaliani na tangazo kila mara. "Intel Quad Core" bila namba ya modeli ni jibu lisilokamilika. "Hifadhi ya TB 1" kwenye mashine ya bei ya chini mara nyingine ni eMMC ya GB 64 iliyojumlishwa na kadi ya memori au na nafasi ya mtandaoni ya mwaka mmoja.

Kisha fungua vichupo kumi, weka video ya 1080p icheze, uiache robo saa huku ukiandika kwenye hati. Gusa mfuniko wa chini. Hapo ndipo utaona kasi itakayobaki baada ya bamba kupata moto. Kwa Chromebook iliyotumika kuna kipimo kingine: nenda kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo kuhusu ChromeOS, utazame tarehe ya mwisho ya masasisho. Google wanahesabu miaka 10 kuanzia msingi wa vifaa (platform) wa mashine ulipotoka mara ya kwanza, si kuanzia siku uliyoinunua.